Paka Anapowakimbia Watoto Wake

Katika safu yetu tumezoea kuzungumza juu ya watoto, jiko na matumizi ya nyumbani. Mwezi huu nawaomba mnivumilie, maana nataka kuwaeleza habari za paka. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mwenzetu leo kakosa la kuandika." Lakini someni mpaka mwisho. Paka huyu alinikumbusha jambo ambalo mimi, mama wa watoto watatu, sikupaswa kulisahau hata kidogo.

Sisi twaishi Iringa. Kwetu paka si pambo la nyumba. Tunaweka magunia ya mahindi stoo tangu mavuno mpaka mavuno, na nyumba isiyo na paka hulisha panya kwanza, halafu watoto. Paka wetu ni wa madoa meusi na meupe. Aliletwa usiku, akiwa ndani ya kikapu, ndipo watoto wakampa jina la Chausiku.

Mwezi wa sita mwaka jana, wakati wa baridi yetu kali, Chausiku alizaa watoto watano ndani ya boksi la sabuni, chini ya kitanda cha binti yangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka minane. Siku nane za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mama mtu alitoka mara moja moja kula na kujisaidia, kisha akarudi mbio kwa wanawe.

Siku ya tisa akabadilika. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye dirisha la jikoni, amejikunja, macho yamefumba nusu. Dagaa tuliomwekea hakuwagusa. Kule chini ya kitanda watoto walikuwa wakilia bila kunyamaza. Mama ye yote aliyewahi kufuga paka anajua kwamba watoto wa paka walioshiba hulala kimya. Wakilia hivyo, kuna neno.

Sasa sikilizeni nilichofanya, nami nasema kwa aibu. Nilimkamata, nikamlaza kwa nguvu ndani ya boksi na kuwasogeza watoto kwenye tumbo lake. Akapiga kelele, akanikwaruza mkono, akaruka nje. Nikampiga kofi. "Mama gani wewe?" nilimwambia. Jioni nikamfungia chumbani pamoja na watoto, nikiamini kwamba akikosa pa kukimbilia atanyonyesha tu.

Asubuhi yule mtoto mdogo kuliko wote alikuwa amekufa, amekuwa baridi kama jiwe. Chausiku alikuwa juu ya kabati, mbali na boksi.

Jirani yangu alipofika kuazima kinu akatikisa kichwa. "Dada, paka akianza kukataa wanawe huyo ni balaa. Mtupeni kabla hajawala waliobaki." Baba watoto naye akasema kwamba jioni akirudi kazini atambeba kwenye kiroba ampeleke sokoni, karibu na wauza samaki, akajitafutie huko. Mimi sikubisha. Nilikuwa nimekasirika.

Binti yangu ndiye aliyeniuliza, machozi yakimtoka, "Mama, mbona siku hizi halali ubavu? Labda anaumwa."

Neno la mtoto likanichoma. Nikampigia simu daktari wa mifugo ambaye huja kumchanja mbwa wetu, naye akafika mchana kwa pikipiki. Ni kijana wa kike, mwenye heshima zake. "Shikamoo mama," akaniamkia. Nikamwitikia, kisha nikaanza mashtaka yangu: paka huyu hana huruma, ameua mwanawe, amenikwaruza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza swali moja.

"Mama, umemtazama tumbo?"

Sikuwa nimemtazama.

Tulilolikuta

Alimfunga Chausiku kwa taulo, kichwa nje, akamgeuza taratibu na kuyafunua manyoya ya tumboni. Titi moja la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limevimba kama limau. Ngozi ilikuwa nyekundu iliyoelekea zambarau, inang'aa, na ukiweka mkono ulisikia moto wake. Alipoliminya kidogo sana, yalitoka maziwa mazito ya manjano yenye nyuzi za damu. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 40.3. Paka mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 na ushee.

"Ni uvimbe wa titi, mama," akasema. "Mtoto akigusa hapo, ni sawa na kumpiga kwa kaa la moto. Hajawakataa watoto. Ameshindwa kuvumilia maumivu."

Akina mama, nilikaa chini kwenye kigoda. Wale kati yenu waliowahi kuugua ziwa wakati wa kunyonyesha wanajua kwa nini. Nitalirudia jambo hilo mwishoni.

Ugonjwa huu huanzaje?

Paka kwa kawaida ana chuchu nane, nne kila upande, na kila moja ina titi lake linalotengeneza maziwa peke yake. Kwa hiyo moja likiugua, mengine yanaweza kuwa mazima kabisa. Wadudu wa ugonjwa, wale bakteria wanaoishi kwenye ngozi, kwenye kinyesi na kwenye matandiko machafu, hupenya kupitia tundu la chuchu au mahali palipokwaruzwa na kucha za watoto. Maziwa yakikaa ndani bila kunyonywa, kwa mfano watoto wamekufa au wametolewa wote kwa mara moja, wadudu hao hupata mahali pazuri pa kuzaliana.

Daktari alinieleza jambo jingine ambalo sikulijua. Watoto wengi wa paka, baada ya siku chache tangu kuzaliwa, huzoea kurudi kwenye chuchu ile ile. Chuchu yake ikiharibika, mtoto aliye dhaifu hushindwa kuwasukuma wenzake ili apate nyingine. Pengine ndivyo ilivyokuwa kwa yule mdogo wetu. Pia mama akiwa na homa maziwa hupungua, na akiwakimbia wanawe wanapigwa na baridi.

Basi, ukiwa na paka anayenyonyesha, haya ndiyo ya kuangalia:

• Titi moja au zaidi ni gumu, la moto, jekundu au la zambarau, na mama hataki uliguse.
• Maziwa yake ni mazito, ya manjano au ya kijivu, au yana damu au usaha.
• Mama hali, amenyong'onyea, ana homa, anakaa mbali na watoto au anasimama mara wanapoanza kunyonya.
• Watoto wanalia sana, hawanenepi, au wanakufa mmoja mmoja.

Titi likigeuka kuwa jeusi au la bluu, na lile joto likaondoka likawa baridi, hiyo ni hatari kubwa. Nyama yake inakufa, na sumu inaingia katika damu. Hapo usingoje kesho.

Tulivyomtibu

Daktari alimchoma sindano, akatuachia vidonge vya kuua bakteria vya siku 14, vya jamii ya amoksilini, akivipima kwa uzito wa paka. Alituonya tusiache hata kama uvimbe utaisha siku ya tano, kwa sababu wadudu waliobaki huamka tena wakiwa sugu.

Nyumbani kazi yetu ilikuwa hii. Mara nne kwa siku tulichovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, tukakikamua, tukakiweka juu ya titi kwa dakika 5 hivi. Pima maji hayo kwa mkono wako kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Baada ya hapo binti yangu mkubwa alikamua maziwa mabovu kidogo kidogo, bila kutumia nguvu. Chausiku akikataa, tuliacha. Kisha sote tulinawa mikono kwa sabuni.

Siku ya tatu jipu likapasuka lenyewe. Msishtuke ikiwatokea hivyo, ila mwarifuni daktari. Tuliosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa nusu lita. Daktari akatuonyesha namna ya kulifunika titi lile ili watoto wasilinyonye. Tulikata ncha ya soksi ndefu ya kuchezea mpira, tukatoboa matundu ya miguu ya mbele, na kukata nafasi pale penye chuchu nzima. Ikawa kama fulana. Kila siku tulimvua, tukamsafisha, tukamvalisha soksi nyingine iliyofuliwa.

Kuhusu chakula, paka anayenyonyesha anahitaji kula mara mbili ya kawaida yake, au hata zaidi. Ugali peke yake haumtoshi, kwa maana mwili wa paka umeumbwa kuishi kwa nyama na samaki. Tulimpa dagaa waliochemshwa bila chumvi na maini kidogo, vikiwa na uvuguvugu ili harufu imvute, na maji safi karibu na mahali alipolala.

Watoto watakula nini?

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea kwa nia njema. Mtu huchukua maziwa ya ng'ombe, akayaongezea maji "yasiwe mazito", akamlaza paka mdogo chali kama mtoto wa mtu na kumtilia mdomoni. Yote matatu ni makosa.

Maziwa ya paka ni mazito kuliko ya ng'ombe, na protini yake ni karibu mara mbili. Ukiongeza maji unamshibisha maji. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ambayo hupatikana kwa baadhi ya madaktari wa mifugo na katika maduka ya miji mikubwa. Ukikosa, kwa siku moja au mbili za dharura, chukua kikombe kimoja cha maziwa halisi ya ng'ombe yasiyotiwa maji, yachemshe, yapoze mpaka yawe na uvuguvugu, kisha koroga ndani yake kiini kimoja cha yai bichi lililo zima na safi. Usitie sukari. Yakipita saa kadhaa nje ya friji, mwaga.

Wanyweshe kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano yenyewe. Paka mdogo anyonye akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyokuwa kwa mama yake. Akiwa chali maziwa huingia mapafuni, naye hufa kwa kichomi. Tia tone moja moja, umngoje ameze. Mwenye uzito wa gramu 100 tumbo lake halibebi zaidi ya mililita 4 au 5 kwa mara moja. Wiki ya kwanza hula kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, na wiki ya pili kila baada ya saa 3 au 4.

Nyumbani kwetu tuligawana zamu. Mimi nilichukua saa tano usiku, baba watoto saa nane, na binti mkubwa saa kumi na moja alfajiri. Naam, ni yule yule baba aliyetaka kutumia kiroba. Usiku wa pili nilimsikia akimsemesha paka mdogo jikoni, "Meza, bwana, meza, kesho nina kazi."

Kabla ya kulisha, hakikisha mtoto ana joto. Paka mdogo aliyepoa hanyweshwi, kwa sababu tumbo lake limelala na maziwa yatamwozea ndani. Mweke kifuani mwako chini ya kanga mpaka apate joto polepole, ndipo umnyweshe. Katika boksi tuliweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga kuukuu, upande mmoja tu, ili anayesikia joto limezidi aweze kusogea. Tusingefanya hivyo, baridi ya Iringa ingewamaliza kabla ya njaa.

Baada ya kila mlo, chukua pamba yenye maji ya uvuguvugu, umpanguse taratibu sehemu za siri mpaka akojoe na kujisaidia. Paka mdogo wa chini ya wiki tatu hawezi kufanya hayo peke yake. Mama yake humlamba, na wewe ndiye mama kwa wakati huo.

Tena, pima uzito. Mizani ndogo ya jikoni yatosha. Watoto wa paka kwa kawaida huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi, na wanapaswa kuongeza gramu 10 au zaidi kila siku. Aliyekaa siku nzima bila kuongeza anakuomba msaada hata kama halii. Tuliandika uzito wao kwenye daftari la shule la binti yangu. Hesabu za kujumlisha za muhula ule alizijua vizuri!

Chuchu nyingine za Chausiku zilikuwa nzima, kwa hiyo kila alipokubali tuliwaweka watoto huko, tukiwa tumekaa kando yake na kumshika kichwa. Hatukumlazimisha tena.

Dawa za kuogopa

Jirani yangu, kwa huruma, alishauri tumpe robo ya Panadol kwa ajili ya homa. Akina mama, sikieni vizuri. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu. Huharibu damu isiweze kubeba hewa, ufizi hugeuka kuwa wa kahawia au wa bluu, uso huvimba, na kidonge kimoja tu cha miligramu 500 chaweza kumuua paka mkubwa. Aspirini na ibuprofeni nazo msimpe bila daktari.

La pili ni ile dawa ya oksitetrasaiklini wanayochomwa ng'ombe na mbuzi, ambayo ni rahisi kupatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Huingia katika maziwa na kuharibu mifupa na meno ya watoto wanaokua. Muuzaji akikuambia "dawa ni dawa", mshukuru, uende zako.

La tatu, msioshe kidonda cha paka kwa dawa zile za kuua vijidudu ambazo hugeuka nyeupe zikitiwa maji. Atajilamba, na zitamdhuru. Maji ya chumvi niliyoyataja yanatosha.

Na kama atakuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Meno ya paka ni membamba na huingiza wadudu ndani sana, na tena yapo mambo ya kichaa cha mbwa, ambacho hata paka huambukiza. Mpelekeni paka wenu achanjwe. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Amwachie mtu mwingine, kwa sababu kinaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuzuia ni bora

Badilisha matandiko ya boksi kila siku. Vitambaa vinavyofulika ni bora kuliko majani makavu. Watoto wakifika wiki mbili, kata ncha za kucha zao kwa kikata kucha, ncha ile nyeupe tu. Mguse mama tumboni kila siku, chuchu moja baada ya nyingine. Ni kazi ya dakika moja, nawe utagundua ugumu kabla haujawa jipu. Usiwagawe watoto wote kwa siku moja. Waanze kuonja chakula laini wakiwa na wiki nne, na wakifika wiki nane watakuwa wameacha kunyonya, ndipo uwatoe mmoja mmoja ili maziwa yakauke taratibu. Kumbuka pia kwamba paka anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Wa kwetu, watoto walipoacha kunyonya na kidonda kikiwa kimepona, alifungwa kizazi na daktari yule yule.

Nasi je?

Sasa nirudi kwenye kigoda kile nilichokalia siku ile.

Mwaka 2009 nilijifungua mtoto wangu wa pili. Alipokuwa na wiki tatu, ziwa langu la kushoto liliuma. Kila alipolia njaa nilitetemeka. Nilianza kumpa dada ambembeleze, nikijidai nafua, au napika, au naenda dukani. Shangazi wa mume wangu, aliyekuwa mgeni wetu, aliona nikimkimbia mwanangu. Akasema mbele za watu sebuleni, "Wasichana wa siku hizi hawana uchungu wa mwana." Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni kweli.

Siku ya tatu mama mkwe wangu akafika kwa basi kutoka Njombe. Alielezwa yote hata kabla hajapewa chai. Hakusema neno. Alinifuata chumbani, akafunga mlango, akasema, "Mwanangu, hebu fungua kanga nikuone." Akaligusa ziwa kwa nyuma ya mkono wake, akauondoa upesi. "Huyu mtoto anaungua," akasema, na huyo mtoto aliyemsema alikuwa ni mimi. Siku hiyo hiyo tukaenda hospitali, nikapewa dawa, na nesi akanifundisha namna ya kumshikisha mtoto ziwa vizuri. Baada ya siku chache nikamnyonyesha nikiimba.

Kwa hiyo, mama unayenyonyesha, ziwa likiwa jekundu, la moto na gumu, ukasikia homa na baridi, usiache kunyonyesha ghafla. Endelea kama kawaida, maana kuacha maziwa yajae huzidisha ugonjwa, wala hayatamdhuru mtoto. Usilikande wala kulikamua kwa nguvu. Pumzika, na kama hakuna nafuu katika siku moja, au homa ni kali, nenda kituo cha afya. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje hata hiyo siku moja. Aende mara moja akapewe ushauri na matibabu.

Mimi nilitazamwa, nikapona. Miaka ikapita, na mbele yangu akaja mama mwingine anayewakimbia wanawe, nami nikawa yule shangazi wa sebuleni. Nilimpiga kofi na kumfungia usiku kucha na maumivu yake, na mtoto mmoja akafa ambaye labda angepona. Alikuwa paka tu, mtasema. Ni kweli. Lakini mkono uliompiga ni huu huu ninaowalelea wanangu na kuwapokea wakwe.

Wako wasichana waliojifungua majuzi katika nyumba zetu, wake wa wanetu, wadogo zetu, wadada wanaotusaidia kazi. Ukimwona mmoja anamkwepa mtoto wake, hanyonyeshi, hacheki naye, usianze na neno. Funga mlango, mwombe umtazame, umguse, umuulize panapouma. Pengine pa kuuma si ziwa bali ni moyo, na hapo pia upo msaada hospitalini. Lawama inaweza kungoja.

Mnataka kujua ya Chausiku? Siku ya tano tangu aanze dawa, niliingia chumbani alfajiri na chupa ya maji ya moto mkononi, nikasikia ukimya. Moyo ulinipasuka, nikadhani tumewapoteza wote. Nikainama chini ya kitanda. Alikuwa amelala ubavu, amevaa soksi yake, na watoto wanne wakinyonya. Aliponiona aliinua kichwa, akanitazama, akakilaza tena.

Wote wanne wamekua. Mmoja yuko kwa jirani yangu, yule yule wa kinu, naye humsifu kila siku kwamba hajaona panya tangu ampokee. Yule wa tano tulimzika chini ya mparachichi, na binti yangu aliweka mawe kuzunguka mahali hapo. Nikipita na ndoo ya maji huwa nayaona.

Tukutane tena mwezi ujao. Wasalimuni wote nyumbani.